Yatokanayo na Kikao Kilichopita

Mimi ni mchapaji. Kopi, laminesheni, picha za pasipoti, barua za kuomba kazi na, mara moja moja, muhtasari wa mkutano wa mtaa. Kibanda changu kiko hatua chache kutoka ofisi ya serikali ya mtaa, upande ule wa Dar es Salaam ambao mvua ikinyesha usiku watu hulala jicho moja wazi. Ofisi ina meza mbili, kabati la chuma na bendera. Printa haina. Ndiyo maana mtendaji huja kwangu na karatasi zilizochanwa kwenye kaunta buku, zimekunjwa mara nne, mwandiko umelala kama mchicha uliokosa maji.

Kwa miaka kadhaa nilichapa mihtasari hiyo bila kuisoma. Mchapaji aliyezoea hasomi. Macho yanapita, vidole vinafanya kazi, akili iko kwenye luku inayokaribia kuisha. Mpaka siku niliyoletewa muhtasari wa mkutano ambao na mimi nilikuwepo.

Mkutano huo ulikuwa wa mitaro. Mama mmoja anayeuza vitumbua pale njia panda alisimama akazungumza dakika tano hivi, na kwa mtaa wetu mwanamke kuachiwa dakika tano bila kukatwa ni jambo la kuandikwa kwenye kumbukumbu. Alisema maji yanayoingia kwake hayatoki mtoni kama kila mtu anavyodhani. Yanatoka barabarani. Kalavati la karibu na msikiti limeziba upande mmoja kwa kifusi na ukuta wa mtu, maji yakikosa pa kupita yanageuka, yanashika uchochoro, yanapita kwake na kwa jirani zake, ndipo yanaufuata mto. Alionyesha kwa mkono, huku na huku. Alitaja nyumba moja moja. Watu wakapiga makofi.

Kwenye karatasi ya mtendaji maneno yale yote yalikuwa yamekuwa hivi: "Wananchi walihimizwa kuzingatia usafi wa mitaro."

Niligeuza karatasi nikidhani kuna upande wa pili. Hakukuwa na upande wa pili. Nikachapa kama ilivyo, nikatoa kopi tatu, nikapokea hela yangu. Usiku sikulala vizuri, na haikuwa mvua.

Lazima nikiri kwamba na mimi nilikuwa mgeni kwenye mikutano hiyo. Wengi wetu tunaijua ofisi ya mtaa kwa jambo moja tu: barua ya utambulisho. Unataka kufungua akaunti benki, barua. Kitambulisho cha taifa, barua. Ndugu yako kakamatwa unataka kumdhamini, barua. Unaingia, unasema shikamoo, unapigiwa mhuri, unatoka. Nilikuwa mpangaji, na wapangaji tuna imani yetu kwamba mkutano wa mtaa ni wa wenye nyumba. Sisi leo tupo, kesho kodi imepanda tumehamia Mbagala. Hakuna aliyetuambia kwamba sheria haiulizi hati ya nyumba. Inauliza kama unaishi hapo na kama umetimiza miaka 18.

Siku iliyonitoa ndani ilikuwa tarehe 9 Desemba 2015. Mtakumbuka: Rais Magufuli alifuta sherehe za Uhuru mwaka ule, akasema fedha na nguvu zielekezwe kwenye usafi kwa sababu ya kipindupindu. Nikatoka na reki ya kuazima. Jirani ambaye nilikuwa nikipishana naye miaka miwili kwa "habari za asubuhi" nilimjua siku ile, tumeshika pembe mbili za kiroba kimoja. Akanieleza mtaro ule ulichimbwa lini, nani aliuchimba, na nani aliupunguza upana ili apate pa kuegesha gari. Nilijiona mjinga. Nimekaa pale muda wote huo nikidhani mtaro ni mtaro.

Wasomaji walioko vijijini watanishangaa. Baba yangu mdogo yuko kijijini Kilosa, na kwao mkutano mkuu wa kijiji si jambo la mzaha. Unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Ndio wenye kauli ya juu kijijini, halmashauri ya kijiji yenye wajumbe 15 hadi 25 iko chini yake, na tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ardhi ya kijiji haigawiwi hivi hivi bila mkutano huo kuridhia. Kijiji kinaweza hata kushitaki na kushitakiwa. Mtaa wa mjini hauna uzito huo. Una mwenyekiti na kamati waliochaguliwa, una mtendaji aliyeajiriwa na halmashauri ambaye ndiye katibu wa vikao, lakini hauna bajeti yake wala mfuko wake wa maana. Mambo yanapanda kwenye kata, kwenye kamati ya maendeleo inayoongozwa na diwani, kisha halmashauri, huko yanakutana na ya mitaa mingine yote. Kwa maneno mengine, sisi wa mjini tunaojiona wajanja tuna mkutano dhaifu kuliko wa baba mdogo. Nikimwambia hivyo anacheka mpaka anakohoa.

Historia yenyewe imepinda pinda. Mfumo wa nyumba kumi kumi, kila nyumba kumi na kiongozi wao, uliletwa na chama cha TANU miaka ya sitini. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri zikafutwa, kila kitu kikawa cha mkoa na wilaya, baadaye zikarejea, na sheria za mwaka 1982 zikazisimamisha upya. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992 balozi wa nyumba kumi, ambaye wengi humwita mjumbe, akabaki kuwa wa chama, si wa serikali. Lakini nenda mtaani leo, mume na mke wamegombana saa nane usiku, utasikia mtu anasema, "Kamwiteni mjumbe." Sheria ilikwenda njia yake, watu wakabaki na mjumbe wao.

Sasa nirudi mkutanoni, maana huko ndiko kwenye utamu.

Siku mbili kabla, bodaboda anapita na spika mgongoni: wananchi mnatangaziwa, mkutano mkuu, Jumapili, saa tatu kamili asubuhi, bila kukosa. Saa tatu kamili pale uwanjani kuna mbuzi wawili na mtu anayefunga turubai. Saa nne viti vya plastiki vinafika kwenye guta. Saa nne na nusu wazee wameketi mstari wa mbele, kina mama pembeni kwenye kivuli cha mwarobaini, vijana wamesimama nyuma wameegemea pikipiki, tayari kuondoka mteja akipiga simu. Saa tano kasoro mwenyekiti anafungua.

Utaratibu ni ule ule, nimeuchapa mpaka naweza kuuimba. Kufungua kikao. Kuthibitisha agenda. Kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Yatokanayo. Taarifa ya mapato na matumizi. Ulinzi shirikishi, yaani pesa ya walinzi na nani hajalipa. Ada ya taka, ile ile. Mengineyo. Kufunga kikao.

Wanaume wanazungumza kwenye agenda. "Mwenyekiti, mimi nina mambo matatu," na ujue yatakuwa saba. Wanawake wanasubiri mengineyo, na mengineyo inafika saa saba mchana, jua limewaka, nusu ya watu wamekwenda kupika na nusu wamekwenda kula. Yule mama wa vitumbua alizungumza kwenye mengineyo. Mtendaji wa wakati ule alikuwa ameshafunga kalamu. Simlaumu sana, njaa haina katibu. Lakini hapo ndipo nilipoelewa ile sentensi moja ilitoka wapi. Mtu alikuwa ameshachoka, akaandika kile ambacho mikutano yote huandika.

Kuna kipengele kingine nilikuja kukigundua kwa kupitia mafaili ya kompyuta yangu. Nina mihtasari ya miaka, maana huwa sifuti. Nilikaa usiku mmoja nikaifungua yote mfululizo. "Yatokanayo na kikao kilichopita" ipo kwenye kila muhtasari, na chini yake, karibu kila mara: "Hakukuwa na yatokanayo." Mkutano uliopita watu wameazimia taa ya njia panda. Unaofuata, hakukuwa na yatokanayo. Wameazimia jalala lihamishwe. Hakukuwa na yatokanayo. Kama ng'ombe anayezaa kila mwaka na hakuna ndama zizini.

Nadhani hiyo ndiyo sababu watu hawaji. Viongozi wetu hupenda kusema wananchi wamekuwa wavivu, hawana mwamko, wanapenda mpira. Mimi naona wananchi wana kumbukumbu nzuri. Mtu akikuita mara nne ukapoteze Jumapili, na mara ya tano hakuambii zile nne zilizaa nini, wewe ndiye mvivu?

Miaka michache baadaye ikaja warsha ya kuchora ramani ya mtaa wetu. Kwa wasiolijua jiji hili: Dar es Salaam imeanza zamani kuchora mitaa yake kwa mikono ya wakazi. Tandale ilichorwa mwaka 2011. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakashirikiana na watu wa mitaani kuweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni, nyumba, vichochoro na mitaro ya kata zinazofurika, na ramani hizo ziko wazi kwa yeyote. Mwaka 2018 bonde la Msimbazi nalo likafanyiwa mfululizo wa warsha, wakazi wakiketi na wahandisi na maofisa kupanga bonde lile liweje. Ya kwetu ilikuwa ndogo, mdogo wa mdogo wa hizo. Jumamosi mbili, darasa la shule ya msingi, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya darasa la tatu, magoti yamegusa kidevu.

Vijana wa chuo walikuja na picha kubwa ya mtaa iliyopigwa kutoka juu. Wakaitandaza kwenye madawati manne yaliyounganishwa. Tukaizunguka. Kimya. Watu waliozaliwa hapo, wanaoweza kupita vichochoro vile usiku wa manane bila tochi, hawakuiona hata nyumba moja wanayoijua. Ni mabati tu, mabati yenye kutu na mabati mapya. Nani hulitazama bati la nyumba yake kutoka mbinguni? Sisi tunakwenda kwa "kwa Mpemba," "kwenye bomba," "pale palipokuwa na mnazi." Kijana akauliza tuanzie wapi, watu wakatazamana. Mtoto mmoja aliyekuwa amemfuata bibi yake ndiye aliyeweka kidole kwenye doa la bluu: "Simtanki la msikiti." Basi! Kuanzia kwenye tanki lile watu wakaanza kutembea kwa vidole. Kwa Mpemba hapa. Hapana, hapa ni kwa fundi seremala, kwa Mpemba ni mkono wa kushoto. Baada ya robo saa darasa lilikuwa soko la samaki.

Kisha likaja swali la maji. Kijana alikuwa na stika za duara: kijani kama maji yalifika kwenye kifundo cha mguu, njano kama goti, nyekundu kama kiuno. Kila mtu abandike kwenye nyumba yake, kwa mafuriko anayoyakumbuka.

"Goti la nani?" akauliza mzee mmoja.

Tukacheka. Mzee hakucheka. Akamsimamisha kijana wa bodaboda, mrefu kama nguzo ya umeme, akamsimamisha na mama wa vitumbua pembeni yake, akauliza tena. Goti la huyu ni karibu kiuno cha huyu. Kijana wa chuo akainama kwenye fomu zake, na nadhani kwenye fomu hakukuwa na jibu. Fundi cherehani, ambaye hatembei bila futi yake shingoni, ndiye aliyeokoa jahazi. Akasema nguo huwa hatupimi kwa goti, tunapima kwa inchi, twendeni tukapime ukutani.

Tukatoka. Watu thelathini na kitu tukiandamana na futi ya fundi nyumba hadi nyumba. Mafuriko ni kitu kinachoandika. Kuna mstari wa kahawia chini ya rangi, kuna plasta iliyovimba, kuna mlango ambao kipande chake cha chini kimebadilishwa ubao. Kwa mama wa vitumbua tuliingia sebuleni. Akainua kalenda iliyotundikwa ukutani, nyuma yake mstari. Ni wa Desemba 2011, ile mvua iliyoua watu wengi jijini, baada yake baadhi ya watu wa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Kalenda anaibadilisha kila mwaka, msumari haubadilishi. Fundi akapima, akaita namba kwa sauti, kijana akaandika. Yule mama alikuwa amesimama na kalenda mkononi kama mtu anayesubiri kurudishiwa nguo yake avae.

Tuliporudi darasani na kubandika stika kwa namba za fundi, nyekundu hazikufuata mto. Zilifuata uchochoro, mstari mmoja kutoka kwenye kalavati la msikiti. Ndivyo hasa mkono wake ulivyoonyesha siku ile kwenye mengineyo.

Na mwenye ukuta alikuwemo darasani. Ni mzee mtulivu, kila Ijumaa huwa wa kwanza msikitini. Watu wakanyamaza wakimtazama bila kumtazama. Akasema bila hasira, "Ule ukuta niliujenga baada ya maji kuniingilia mimi. Mlitaka nifanye nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu, kwa sababu kila mmoja wetu ana kizingiti alichokiinua, na kila kizingiti kinampelekea jirani maji. Nikakumbuka ngazi niliyoijengea kibanda changu kwa matofali manne.

Niseme kidogo kuhusu posho, maana najua kuna wasomaji wanaisubiri. Ndiyo, ilikuwepo nauli, na ndiyo, iliharibu jioni. Majina yalikuwa yametoka ofisini, na mama wa vitumbua hakuwemo kwenye orodha. Alikuwa ameingia tu kwa sababu alisikia maji yanazungumzwa. Waliokuwemo wakasaini, yeye akaambiwa asante kwa ushiriki wako. Fundi cherehani akampa nusu ya yake nje ya geti. Kuna watu husema posho imeua moyo wa kujitolea. Mimi sikubaliani nao, na wengi wao wanasema hivyo wakiwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Mama huyu Jumamosi asubuhi ndiyo siku yake kubwa ya biashara. Ndoo ya unga aliyoiloweka usiku iliumuka ikamwagika. Anayelipwa mshahara kuja kumsikiliza hakupoteza kitu. Tatizo langu na posho ni nani anaandika orodha.

Mkutano mkuu uliofuata nilikwenda mapema, nikakaa mbele na wazee, jambo lililoshtua baadhi. Mwenyekiti aliposoma "yatokanayo" na kuvuta pumzi ya kuendelea, nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba nafasi." Sauti ilinitetemeka, sitaficha. Nikasema mimi ndiye ninayechapa mihtasari, nikaomba nisahihishwe kama ninakosea, nikataja maazimio sita ya vikao vilivyopita na tarehe zake. Taa. Jalala. Kalavati. Sikumshutumu mtu. Nilisoma tu. Kwa dakika nzima kulikuwa na sauti ya turubai likipigwa na upepo.

Mwenyekiti angeweza kunikalisha. Nampa haki yake: hakunikalisha. Alisema, "Tuanze na lipi?" Watu wakasema kalavati, kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaanza kukusanyika.

Iliundwa kamati ya watu watano, mama wa vitumbua mmojawapo. Kila kaya ichangie shilingi elfu mbili. Jumapili mbili za majembe na machepe, kifusi kikatoka. Mwenye ukuta alileta toroli lake, na kwa mkono wake mwenyewe akatoboa tundu chini ya ukuta, akaliwekea nondo ili maji yapite na mwizi asipite. Mkewe akapika uji wa watu wote. Hiyo ilikuwa sehemu tamu.

Sehemu chungu ni yangu. Mimi ndiye nilikuwa mtunza orodha ya michango, na kwa ajili ya uwazi, neno ambalo nilikuwa nimelipenda sana siku zile, nikachapa majina ya waliolipa na wasiolipa, nikabandika kwenye ukuta wa kibanda. Fonti kubwa. Jirani mmoja mjane, ambaye mume wake alifariki wiki chache kabla na mimi mwenyewe nilikwenda msibani, jina lake lilikuwa upande wa wasiolipa. Alipita, akasoma, akaendelea na safari yake. Tangu hapo kopi zake anakwenda kutoa kituo cha daladala. Nilikwenda kumwomba radhi, akanikaribisha chai, akasema yamekwisha mwanangu. Kopi bado anatoa kule. Siku hizi kinachobandikwa ni jumla ya kilichopatikana, kilichotumika na risiti. Majina yanabaki kwenye daftari la mhazini.

Mdogo wangu ameolewa Nairobi, na nilipomsimulia haya aliniambia kuhusu Mukuru, mtaa wa mabanda wa huko. Wakenya walilichukua neno letu la nyumba kumi mwaka 2013 kwa ajili ya usalama, na wengi kule bado wanalisikia kama jambo la polisi na chifu. Lakini Mukuru ilipotangazwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, wakazi wakisaidiana na Muungano wa Wanavijiji, umoja wa watu wa mitaa ya mabanda, walijipanga kumi kumi, kaya kumi zinatoa mwakilishi, wawakilishi wanakutana, mpaka kaya zaidi ya laki moja zikawa na njia ya kufikisha neno kwenye mpango wa maji, njia na majitaka. Nilipata wivu. Mfumo ambao sisi tunautumia kumwita mjumbe asuluhishe ugomvi, wenzetu waliupitishia bomba.

Kwetu kuna kundi la WhatsApp sasa. Linafaa kwa misiba, kwa mtoto aliyepotea na kwa kujua umeme umekatika kwa nani. Kuamua jambo humo usijaribu. Kabla ya mtu wa tatu kuchangia, wa nne ameshatuma maua ya Ijumaa njema.

Kalavati lenyewe, nisije nikawadanganya. Kifusi kilitoka, na mvua zilizofuata maji kwa mama wa vitumbua yalipungua, hayakwisha. Bomba la kalavati ni dogo kuliko barabara iliyopanuliwa juu yake, na kulibadilisha si kazi ya majembe. Barua ilikwenda kata. Kata ikapeleka juu. Tukaambiwa ije na vipimo, ikaenda na vipimo, vya fundi cherehani, na ramani yenye stika imeambatanishwa. Nimechapa barua hiyo mara tatu, kila mara kwa afisa mwingine, kwa sababu aliyekuwepo amehamishwa. Faili limeshakuwa nene kama biblia.

Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mtendaji naye amebadilika, huyu wa sasa ni kijana, ana adabu, anakuja na karatasi zake kwenye bahasha, hazina mikunjo. Mwezi uliopita alileta muhtasari. Nikachapa mpaka nikafika kwenye yatokanayo. Kulikuwa na vipengele vinne, kila kimoja na hatua iliyofikiwa. Mbele ya kalavati alikuwa ameandika neno moja: "Bado."

Alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu akisoma kwenye kioo. Akasema, "Dada, hapo naona pamekaa vibaya. Hebu andika 'linafanyiwa kazi'."

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. "Sawa mtendaji. Linafanyiwa kazi na nani? Nitajie jina tuliandike."

Akafikiri. Nje mama wa vitumbua alikuwa anamimina mafuta, harufu ya iliki ikaingia mpaka ndani.

"Basi acha 'bado'," akasema. "Toa kopi tano."

Nikatoa sita.